JE, WAJUA? Mawimbi ya Diani huvunjikia mwambani

Wewe wa Timau unayejiandaa kwenda Diani likizo ya Agosti, mawimbi makubwa hutayakuta ufukweni. Huvunjikia kwenye mwamba wa matumbawe ulio mbele ya pwani. Ukisimama mchangani utaona mstari mweupe wa povu kwa mbali, na kati yako na mstari huo maji ni shwari.

• Wimbi huvunjika kina cha maji kinapopungua hadi kama mara 1.3 ya kimo chake. Wimbi la mita 1 hupinduka penye kina cha mita 1.3 hivi.

• Upepo wa kusi, kuanzia Aprili hadi Septemba hivi, huichafua bahari na kukuza mawimbi. Upepo wa kaskazi, Desemba hadi Machi, huja na bahari tulivu zaidi.

• Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku. Wakati wa bamvua, yaani maji yanapojaa na kupwa kupita kawaida, tofauti kati ya kujaa na kupwa hukaribia mita 4. Yakipwa, mwamba hukaribia kutokeza, na anayeanguka kutoka kwenye ubao wa kuteleza juu ya mawimbi huchanwa na matumbawe. Yakijaa sana, mawimbi madogo hupita juu bila kuvunjika.

• Bamvua hufuata mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Hata ukiwa Timau, utazame mwezi na utaikadiria.

Kabla ya kuingia, waulize wavuvi saa za maji. Usiende mwambani peke yako, wala usikanyage matumbawe: mengine hukua sentimita 1 tu kwa mwaka.