Sandman: Ndai ya Fundi, Bei ya Ploti

Sikia msee. Kuna ndai ilitengenezewa fundi wa mabomba. Fundi, buda! Ya kubeba spana na mifereji. Mbavu za nyuma hazina dirisha, ni bati tupu. Huko Australia wanaiita panel van. Sasa 1974, kampuni ya ndai ya Holden wakaivalisha luku: stripes, viti vya sporti, usukani na dashi za Monaro GTS, na jina SANDMAN limeandikwa mlango wa nyuma, kubwa hadi kipofu asome. Ukiwa na ganji unaitisha V8, lita 4.2 ama 5.0. Fundi akabaki stage.

Mayut wa bichi wakaingia boksi mara moja. Ubao wa kusafi unatosha ndani. Godoro pia. Hasa godoro. Mlango wa nyuma umekatwa mara mbili: kipande cha juu kinapanda, cha chini kinashuka, wewe umelala miguu nje, bahari iko hapo mbele, na hakuna landlord. Ndani wakatupia kapeti ya manyoya hadi kwa dari, mapazia, ngoma inadunda. Nje graffiti. Hiyo ni nganya, msee, na Rongai bado ilikuwa imelala.

Wazae walikasirika hao! Walijua hiyo godoro si ya usingizi. Kuna sitika ilikuwa inabandikwa nyuma, inaambia mzae asicheke, pengine binti yake ako ndani. Sasa piga picha fathe wa mtu amekwama jam nyuma yako akisoma hiyo. Noma.

Wapinzani nao wakaiga: Ford wakaleta Sundowner, Chrysler wakaleta Drifter. Sawa tu. Next.

Shida ni chumvi. Ndai ya bichi inaliwa na kutu kama mahindi ya kuchoma, so nyingi ziliishia kwa skrepa. Alafu 2017 Holden wakafunga kiwanda, 2020 wenye kampuni, General Motors, wakazika jina lenyewe. Bei ikashika lift. Safi moja kwa mnada imewahi kupita dola laki moja za Australia. Hiyo ni zaidi ya shilingi milioni nane za Kenya, na bado hujaweka mafuta ya V8.

Hapo ndio mafala wanatokea. Msee anachukua van ya fundi, anabandika stripes, anaiita Sandman. Anachoma picha vibaya, juu wajuaji hawaangalii rangi. Wanafungua boneti, wanasoma kibati cha kiwanda, wanalinganisha namba ya injini, wanaenda zao kimya.

Na wanunuzi ni akina nani? Wengi ni wale mayut wa zamani. Saa hii ni maguka, magoti yanalia kuliko springi. Wanaifunika blanketi kwa garage, bichi haiendi, chumvi itaila. Milioni nane na hakuna mtu analala ndani!

Ukipatana na moja, cheki kibati kwanza, alafu ingia chini ucheki kutu. Godoro beba yako.