Sadaka ina ujira wake: mkubwa wa shirika alipwe kiasi gani?

BUJUMBURA. Katika mtaa wa Asiatique, kila aliyegusa mzigo hulipwa. Dereva aliyeuleta kutoka Dar es Salaam kupitia Kobero hulipwa, wakala wa forodha hulipwa, kuli hulipwa, na dalali aliyemleta mnunuzi kutoka Uvira naye ana chake. Hakuna anayeshangaa. Lakini mzigo ukiwa ni sadaka, hesabu hubadilika. Mtoaji hutaka ufike mzima kwa mhitaji, bila mtu wa kati kukata hata faranga moja.

Mtaa huu unajua maana ya kupoteza. Soko kuu la Bujumbura, lililokuwa hatua chache kutoka hapa, liliteketea Januari 27, 2013, na wengi wakabaki bila mtaji. Mto Rusizi ulifurika Gatumba mwaka 2020, na mwaka 2024 maji ya Ziwa Tanganyika yakapanda tena na kufukuza watu majumbani. Kila janga huja na bakuli lake la mchango. Nyuma ya bakuli kuna shirika, na juu ya shirika kuna mkurugenzi mwenye mshahara.

Mfano unaotajwa sana duniani ni David Miliband, waziri wa zamani wa mambo ya nje wa Uingereza, aliyeanza kuongoza shirika la International Rescue Committee mwaka 2013. Shirika hilo hufanya kazi Burundi, na pia katika kambi za wakimbizi za Kigoma. Malipo yake yamewahi kuzidi dola 900,000 kwa mwaka. Wakosoaji huuliza ni mahema mangapi yangenunuliwa kwa fedha hizo.

Wanaomtetea nao wana hoja ambayo mfanyabiashara anaielewa. Shirika hilo lina maelfu ya wafanyakazi katika nchi nyingi. Mtu anayeweza kuliendesha angelipwa zaidi katika kampuni. Meneja wa bei rahisi anayepoteza kontena moja la dawa bandarini hugharimu kuliko meneja ghali anayelifikisha salama. Aliyewahi kutumia wakala asiyejua kazi, mzigo ukakwama mpakani wiki tatu, hahitaji kuelezwa zaidi.

Hata hivyo, hoja hiyo ina mpaka wake. Shirika la Msalaba Mwekundu la Burundi lina wajitoleaji wanaohesabiwa kwa mamia ya maelfu, waliotawanyika vilimani kote nchini. Hubeba wagonjwa na husaidia waliorudi kutoka ukimbizini bila mshahara. Watu hao wanathibitisha kwamba kazi ya huruma haifanywi kwa sababu ya fedha peke yake. Mkubwa anayelipwa vizuri anaomba kwa jina la jasho lao pia, na hilo linamdai kiasi.

Bujumbura ina sababu nyingine ya kuliona jambo hili kwa jicho kali, nayo ni dola. Kwa miaka kadhaa pengo kati ya bei ya benki na bei ya mtaani limekuwa kubwa, na mwagizaji wa bidhaa huhangaika kupata fedha za kigeni. Katika mji kama huu, mwenye mshahara wa dola na mwenye mshahara wa faranga hawaishi maisha mamoja, hata wakikaa ofisi moja. Mwalimu anayechangia kwa faranga ana haki ya kuuliza.

Jibu moja la zamani limo katika misikiti ya Asiatique na Buyenzi. Aya ya 60 ya Surat At-Tawba inataja makundi manane yanayostahili zaka, na mojawapo ni wale wanaoikusanya na kuisimamia. Maana yake, ujira wa mtumishi wa sadaka si wizi. Lakini katika madhehebu ya Shafii, yanayofuatwa na wengi Afrika Mashariki, fungu lao halitakiwi kuzidi moja ya nane ya zaka. Mtumishi ana haki yake, na haki hiyo ina kipimo kinachojulikana kabla ya fedha kuhesabiwa.

Kipimo hicho ndicho kinachokosekana mara nyingi. Marekani, mashirika mengi ya hisani hulazimika kutangaza kila mwaka malipo ya wakubwa wao, na ndiyo sababu mshahara wa Miliband unajulikana. Tanzania, kanuni za mwaka 2018 ziliyataka mashirika yanayopokea zaidi ya shilingi milioni 20 kuitangaza fedha hiyo hadharani. Mfanyabiashara anayevuka mipaka hukuta masharti tofauti kila nchi, ilhali bakuli la mchango huvuka kama yeye.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa, kuna maswali matatu ya dukani. Katika kila faranga 100, ngapi zinamfikia mhitaji? Nani alipanga mshahara wa mkubwa: yeye na rafiki zake, au bodi inayoweza kumfukuza? Na hesabu zilizokaguliwa ziko wapi?

Shirika linalojibu bila kununa linastahili mchango, hata kama mkurugenzi wake analipwa vizuri. Linalokasirika kwa kuulizwa limekwisha jibu. Asiatique, ujira wa dalali hutajwa kabla mzigo haujafunguliwa. Sadaka haina sababu ya kuwa na desturi nyingine.