Joto la Jua na Joto la Ardhi: Je, Garissa Tuchimbe? (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tulieleza pampu ya joto: mtambo unaochota joto mahali pamoja na kulihamishia pengine, kama friji inavyolitoa joto kwenye chakula na kulitupa mgongoni mwake. Uniti moja ya stima huweza kuhamisha uniti tatu au nne za joto. Leo tuulize: mtambo huo ukifukiwa mabomba ardhini na kuunganishwa na sola ya kupasha maji, utamfaa mkazi wa Garissa?

Tusichanganye mambo. Jotoardhi la Olkaria, lililoanza kuzalisha umeme mwaka 1981, ni mvuke wa kina kirefu chini ya Bonde la Ufa. La nyumbani ni mabomba ya plastiki yenye maji, yaliyozamishwa mita kadhaa au mia hivi, ambako joto halipandi wala kushuka sana mwaka mzima. Huko chini joto hukaribia wastani wa joto la hewa la mahali penyewe.

Minneapolis, walikohamia jamaa zetu wengi wa Garissa na Dadaab, ardhi ya kina hicho ina nyuzi 10 hivi, ilhali juu yake Januari huganda kila kitu. Kwao nyuzi 10 ni mali. Ila ukizichota kila msimu wa baridi, shimo nalo hupoa, na hapo ndipo jua huitwa: joto la kiangazi husukumwa chini, likatolewa baridi ikirudi. Huko Okotoks, nchini Kanada, kuanzia mwaka 2007 nyumba 52 zilipashwa kwa sola 800 na mashimo 144 ya kuhifadhia joto. Ardhi ilipata moto kiasi kwamba pampu ya joto haikuhitajika.

Garissa haina baridi ya kuwekea akiba. Wastani wetu wa mwaka ni karibu nyuzi 29, na ardhi ni hivyo hivyo. Ukipoza chumba kwa kutupia joto lake shimoni, mwanzoni utaona nafuu, maana hewa ya mchana wa Februari hupita nyuzi 36. Lakini unatia mwezi baada ya mwezi na hakuna msimu wa kutoa. Anayekuuzia mashimo hayo muulize joto litakwenda wapi mwaka wa tano. Isitoshe, mashine ya kuchimba ikionekana mtaani kwetu, watu watakuja na jerikeni wakitarajia maji, na watakuwa na haki.

Maji ya kuoga nayo tuyaache. Tangi jeusi likishinda juani, saa tisa alasiri bomba la baridi linaunguza.

Penye faida ni kwenye maziwa ya ngamia. Hutoka malishoni yakiwa na joto, husafiri saa nyingi, na akina mama wanaoyauza mjini hupata hasara yakichacha kabla ya wakati. Wanahitaji mambo mawili kwa pamoja: kuyapoza maziwa hadi nyuzi 4, na maji moto ya kuoshea vyombo. Pampu moja huyafanya yote mawili. Kupoza lita 200 kutoka nyuzi 35 ni kutoa karibu uniti 7 za joto. Kompresa itakula kama uniti 2 za stima, nazo pia hugeuka joto. Jumla ni uniti 9, zinazotosha kupasha lita 300 za maji kutoka nyuzi 30 hadi 55. Hapo sola ya paani huyapokea na kuyafikisha 70 au zaidi. Chunga tu maji ya visima vyenye chumvi: yasipite ndani ya sola yenyewe, huziba mirija.

Basi vikundi vya maziwa vinavyopanga kununua mtambo wa kupoza, kabla ya kutia sahihi, mtakeni fundi awape pia bei ya tangi la kunasa joto la kompresa. Wiki ijayo tutapima ukubwa wa tangi hilo.