Ulinganisho wa akiba ya taifa kati ya Tanzania na Burundi

Akiba ghafi ya taifa ni sehemu ya mapato ya mwaka ya wakazi wa nchi inayobaki baada ya kuondoa matumizi ya kaya na ya serikali. Huitwa ghafi kwa sababu uchakavu wa majengo na mitambo haujaondolewa. Si fedha za benki tu: mvuvi anayenunua injini ya boti kwa sehemu ya mapato yake ameweka akiba na kuiwekeza papo hapo.

Nchi inayowekeza kuliko akiba yake hulazimika kuziba pengo kwa fedha za nje, hasa mikopo.

Akiba ya ndani na akiba ya taifa

Akiba ya ndani ni pato la ndani ukiondoa matumizi. Ili kupata akiba ya taifa, huongezwa mapato ya kazi na mali kutoka nje, pamoja na misaada na fedha zinazotumwa na ndugu walio ughaibuni, kisha huondolewa yale yaliyokwenda nje.

Mfano wa kubuni: nchi yenye pato la ndani la 100 ikitumia 104, akiba yake ya ndani ni -4. Ikipokea misaada ya 15, akiba ya taifa huwa 11. Burundi imekuwa na akiba ya ndani iliyo chini ya sifuri kwa miaka mingi, hivyo kuchanganya vipimo hivi viwili hupotosha.

Kulinganisha miaka

Shilingi ya Tanzania na faranga ya Burundi hupoteza thamani kwa kasi tofauti. Kwa hiyo akiba hulinganishwa kama asilimia ya pato la ndani.

Hata asilimia inaweza kubadilika bila watu kubadili mwenendo. Mwaka 2014 Tanzania ilihamisha mwaka wa kizio kutoka 2001 hadi 2007, na makadirio ya pato yakaongezeka kwa zaidi ya robo. Takwimu za kabla na baada ya hapo zisiunganishwe bila marekebisho.

Kwa Burundi, vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza 1993, vikwazo vya majirani vya 1996 hadi 1999 na mgogoro wa 2015 vinafanya mwaka mmoja usitoshe kuwa kipimo. Wastani wa miaka kadhaa hufaa zaidi.

Mfano wa Kagunga

Kagunga ni kata ya Mkoa wa Kigoma kando ya Ziwa Tanganyika, mpakani na Burundi. Mwezi Mei 2015 makumi ya maelfu ya wakimbizi wa Burundi walikusanyika huko, na meli ya MV Liemba ikawasafirisha hadi Kigoma. Katika hesabu za taifa, mkimbizi anayekaa mwaka mmoja au zaidi ni mkazi wa nchi iliyompokea, bila kujali uraia wake.

Biashara ya mpakani pia huathiri hesabu. Dagaa waliovuliwa upande wa Tanzania wakiuzwa Burundi bila kuandikishwa, huweza kuhesabiwa kuwa wameliwa Tanzania. Akiba ya Tanzania huonekana ndogo kuliko ilivyo, na ya Burundi kubwa kuliko ilivyo. Akiba ni salio la hesabu nyingine, hivyo makosa yote huishia ndani yake. Tofauti ndogo kati ya nchi hizi haithibitishi kwamba moja inaweka akiba zaidi.