Kabla ya Kuchora Jalada, Soma Kitabu Mpaka Mwisho

Mwalimu wa Kiswahili wa Handeni au Korogwe akitaka kujua nani amesoma kitabu na nani amesimuliwa tu, awape wanafunzi kazi ya kubuni jalada. Muhtasari hunakiliwa kwa jirani. Jalada linadai uamuzi: kitu kipi kikae mbele, na yapi yote yaachwe.

Tuchukue Ngoswe: Penzi Kitovu cha Uzembe, tamthiliya ya Edwin Semzaba iliyosomwa miaka mingi katika shule za sekondari. Ngoswe anakwenda kijijini kuhesabu watu, anampenda Mazoea, na hatimaye Mzee Mitomingi, baba wa Mazoea, anazichoma karatasi za sensa. Mwanafunzi aliyeishia kwenye kichwa cha kitabu huchora mvulana, msichana na moyo mwekundu. Jalada hilo lingefaa hadithi yoyote ya mapenzi. Mwingine, akiwakumbuka makarani wa sensa ya Agosti 2022, atampa Ngoswe kishikwambi. Hapo tamthiliya imeharibika, kwa sababu hasara yote imo katika karatasi zinazoteketea. Mimi ningechora karatasi moja tu yenye orodha ya majina, pembe yake ikianza kushika moto.

Kisha vipimo. Kitabu cha A5 kina upana wa milimita 148 na kimo cha milimita 210. Kurasa 120 ni karatasi 60. Kila karatasi ikiwa na unene wa milimita 0.1, mgongo wa kitabu utakuwa milimita 6. Jalada likikunjuliwa, upana wake ni 148 mara mbili, jumlisha 6: milimita 302. Karatasi ya A4 ina urefu wa milimita 297, kwa hiyo haitoshi. Tafuta A3 au kata manila. Ongeza milimita 3 kila upande, zitakazokatwa baadaye, ili rangi ifike ukingoni. Na ukumbuke, upande wa mbele hukaa kulia.

Kama kazi itatolewa fotokopi nyeusi na nyeupe, nyekundu na kijani vyenye kiza sawa vitatoka kijivu kilekile, na maandishi yatapotea. Chora kwanza kwa penseli peke yake. Kinachosomeka kwa penseli kitasomeka popote.

Kwa vijitabu vyembamba vya hadithi walizotunga wanafunzi wenyewe, Korogwe ina mkonge, na uzi mwembamba wa katani unashona vizuri. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo. Sindano itoke ndani kupitia tundu la katikati, iingie la juu, itokee la chini, irudi la katikati, kisha fundo lifungwe ndani.

Walimu, msitoe alama kwa uzuri wa mkono pekee. Ombeni sentensi mbili zinazoeleza kwa nini kitu hicho, na si kingine, kimewekwa mbele, na nusu ya alama iwe hapo.