Kutafuta makasha: ni spoti au ni hobi tu?

Wale mliowahi kuandika kwenye kurasa za marafiki wa kalamu, au mliosimuliwa na dada zenu, mnajua zilivyokuwa. Jina, umri, anwani, halafu hobi: kusoma riwaya, kusikiliza redio, kucheza mpira, kubadilishana mawazo. Mpira ulikaa humohumo kwenye hobi, pembeni ya redio, na hakuna aliyelalamika.

Sasa juzijuzi nyumbani kwetu ukazuka ubishi mkubwa kuhusu jambo hilohilo. Binamu yetu anasoma Ujerumani. Akatuma picha kwenye simu: yuko msituni, matope mpaka magotini, ameshika kikopo cha plastiki, meno yote nje. Chini ameandika: "Leo kilomita 14, makasha 9!"

Kaka yangu, ambaye jioni bila mpira kwake si jioni, akacheka sana. "Kuokota makopo nayo ni spoti? Mshindi nani? Refa yuko wapi?"

Binamu akajibu papo hapo: "Shikamoo kaka. Wewe ukikaa benchi dakika tisini unaitwa mwanamichezo. Mimi nimetembea tangu asubuhi, naambiwa naokota makopo?"

Mama ndiye aliyeuliza swali la maana kuliko wote: "Na humo ndani ya kikopo kuna nini?" Basi tuanze na swali la mama.

KWANZA, MAKASHA YENYEWE NI NINI?

Mchezo huu huitwa jiokashingi. Mtu anaficha kasha mahali fulani, labda kwenye mzizi wa mti au nyuma ya jiwe. Halafu anawatangazia wenzake namba za mahali pale, yaani latitudo na longitudo. Wewe unaziingiza kwenye simu au kwenye chombo cha GPS, unaanza safari. Ukifika, simu inakuacha njiani! Inakuleta hatua chache tu kutoka kwenye kasha, zilizobaki ni macho yako na akili yako. Ukilipata, unaandika jina na tarehe kwenye kidaftari kilichomo, unalirudisha palepale ulipolikuta, tena bila wapita njia kukuona. Ndani kunaweza kuwa na vitu vidogovidogo vya kubadilishana, kama beji au mwanasesere. Ukichukua kitu, unaacha kingine chenye thamani ileile au zaidi. Kwa hiyo mama, jibu ni kwamba mara nyingi hamna kitu cha maana humo. Utamu uko kwenye kulitafuta.

Chanzo chake kinajulikana mpaka siku. Setilaiti za GPS ni za serikali ya Marekani, na zamani jeshi lake lilikuwa linawapa raia vipimo vyenye kosa la makusudi, hivyo chombo chako kiliweza kukosea hata mita 100. Mwanzoni mwa Mei 2000 Rais Clinton akaamuru kosa hilo liondolewe. Tarehe 3 Mei, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaweka ndoo karibu na Beavercreek, jimbo la Oregon, akawatangazia wenzake namba zake. Ndani aliweka vitabu, kanda za video, manati na kopo la maharage, pamoja na vitu vingine. Siku chache tu, ndoo ikapatikana. Leo makasha yaliyofichwa duniani yamezidi milioni 3, na Kenya na Tanzania yapo pia. (Maharage siku hizi hayaruhusiwi. Chakula kinaita wanyama.)

NENO "MCHEZO" LINATUCHANGANYA

Sisi Waswahili tuna tatizo letu hapa. Mpira ni mchezo. Bao ni mchezo. Kombolela ni mchezo. Redioni kuna mchezo wa kuigiza, na akina mama wakichangishana pesa kila mwezi nao wanasema wanacheza mchezo! Neno moja linabeba mzigo wote. Ndiyo maana tukitaka kuwa wakali tunakimbilia kusema "spoti".

Lakini hata wenye neno hilo hawajakubaliana. Mwaka 1992 nchi za Baraza la Ulaya zilipitisha Mkataba wa Michezo. Kwa maelezo yake, spoti ni kila shughuli ya mwili, ya kupangwa au ya kujifanyia tu, yenye lengo la kuujenga mwili, kuituliza akili, kuwaunganisha watu au kupata matokeo kwenye mashindano. Umeona hilo "au"? Mashindano si lazima. Kwa kipimo hicho binamu yangu ni mwanamichezo kamili na kaka hana la kusema.

Twende upande wa pili. Mwaka 1999 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilikitambua chama cha dunia cha sataranji. Mchezaji amekaa kitini saa nne, lakini kuna sheria, kuna saa mezani, kuna mshindi. Kwa kipimo hiki mwili si hoja, hoja ni ushindani. Binamu anashindwa.

Usidhani huu ni ubishi wa kijiweni tu. Jina lina pesa ndani yake. Waingereza wanaocheza bridge, ule mchezo wa karata, walidai kwamba viingilio vya mashindano yao visitozwe kodi ya ongezeko la thamani, kwa kuwa huduma za spoti zina msamaha. Kesi ikafika Mahakama ya Ulaya. Mwaka 2017 mahakama ikasema hapana: kwa ajili ya msamaha ule, shughuli isiyohitaji nguvu ya mwili ya kuonekana si spoti. Karata zikabaki karata. Na hapa kwetu si unajua, ukimwambia mzee unaomba nauli ya kwenda mazoezini anaingiza mkono mfukoni, ukimwambia ni ya hobi anakuuliza kama umemaliza kufua.

Mimi kilichonisaidia ni kuangalia ndugu yake jiokashingi, anayeitwa orientiringi. Huu ulianza kama mafunzo ya wanajeshi wa nchi za Skandinavia, na mashindano ya raia yalifanyika Norwe tangu mwaka 1897. Mkimbiaji anapewa ramani na dira, anatafuta vituo vilivyowekwa msituni, kimoja baada ya kingine. Shirikisho lake la dunia liliundwa mwaka 1961, na mwaka 1966 mashindano ya kwanza ya ubingwa wa dunia yakafanyika Ufini. Hakuna anayebisha kwamba hii ni spoti. Sasa linganisha. Msitu uleule, matope yaleyale, kupotea kulekule. Tofauti ni kwamba kwenye orientiringi wote wanapita vituo vilevile na saa inahesabu. Kwenye makasha kila mtu ana njia yake na muda wake, na akichoka anakaa chini ya mti anakula chapati.

Kwa hiyo mimi namwunga mkono kaka, nusu. Bila saa na bila wa kushindana naye, hii ni hobi. Lakini kaka anapoongeza lile neno "tu", hobi tu, hapo tunaachana.

MOYO HAUSOMI MAJINA

Moyo wako hauna habari na Kamati ya Olimpiki. Wenyewe unajua kama umepanda kilima au hujapanda.

Shirika la Afya Duniani, kwenye mwongozo wake wa mwaka 2020, linasema wenye umri wa miaka 5 hadi 17 wanahitaji wastani wa dakika 60 za kuushughulisha mwili kila siku, na walau siku 3 kwa wiki iwe shughuli ya kuhemesha hasa. Kuanzia miaka 18, ni dakika 150 hadi 300 kwa wiki za shughuli ya wastani. Wastani maana yake nini? Ni ile kasi ambayo unaweza kupiga stori na mwenzako lakini kuimba huwezi. Tena zamani watu wazima waliambiwa muda usiofika dakika 10 mfululizo hauhesabiwi. Mwongozo huo mpya umeliondoa sharti hilo. Kutembea, kusimama, kuinama, kuruka mtaro, kutembea tena: yote yanaingia. Na huo ndio mwendo wenyewe wa mtu anayetafuta kasha.

Ila tuwe wakweli. Si kila kasha lina jasho. Makasha hupewa alama mbili, 1 hadi 5: moja ya ugumu wa kulipata, nyingine ya ugumu wa njia. Njia ya 1 unaweza kupita hata na kiti cha magurudumu. Njia ya 5 inataka kamba ya kupandia mwamba au mtumbwi. Halafu kuna hii iliyonishangaza: kwenye jangwa la Nevada, Marekani, makasha yamepangwa kando ya barabara kwa mamia na mamia. Watu wanakwenda kwa gari, mmoja anaruka, anaweka alama kwenye karatasi, anaingia, wanasogea mbele kidogo, anaruka tena. Kwa siku moja wanaweza kupata mamia. Binamu yangu na tisa zake amefanya mazoezi kuliko dereva wao. Kwa hiyo ukisikia mtu anajisifia idadi ya makasha, muulize ameyafuata kwa miguu au kwa tairi.

Nakuja kwenye jambo lililonifanya niandike yote haya. Mimi shuleni nilikuwa wa mwisho kwenye mchakamchaka. Si wa mwisho kwa bahati mbaya, wa mwisho kila siku, nikila vumbi la wenzangu. Kipindi cha michezo mwalimu alichagua timu ya mpira na timu ya netiboli. Sisi tuliobaki tulikaa chini ya mwembe, na kazi yetu ilikuwa kulinda viatu. Hakuna aliyetutukana. Lakini nilielewa kwamba kuna wanamichezo na kuna walinzi wa viatu, na mimi najulikana ni yupi. Nilipomaliza shule nikaacha kabisa kuutumia mwili wangu zaidi ya kukimbilia daladala.

Siko peke yangu. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliotoka mwaka 2019, ukitumia takwimu za mwaka 2016, ulionyesha kwamba vijana wa shule wenye miaka 11 hadi 17 duniani ambao hawafikishi zile dakika 60 ni asilimia 81. Wavulana ni 78, wasichana 85. Huwezi kuniambia wote hao ni wavivu. Wengine walilindishwa viatu. Wasichana wengi wakirudi nyumbani wanakuta ndoo na jiko vinawasubiri, na uwanja una wenyewe, yaani akina kaka. Mtu wa namna hii ukimwambia "njoo kwenye spoti" anaona umemkosea njia. Ukimwambia "twende tukatafute kitu kilichofichwa" anavaa viatu.

KABLA HUJAINGIZA MKONO KWENYE SHIMO

Hobi hii ina hatari zake. Juni 2018 mjini Prague, watafutaji waliingia kwenye mfereji wa chini ya ardhi, mvua kubwa ikanyesha ghafla huko juu, maji yakawakuta ndani na watu wakafa. Mwaka 2011 huko Wetherby, Uingereza, kikopo kilidhaniwa ni bomu, mtaa ukafungwa, wataalamu wa jeshi wakakilipua. Kumbe kasha la watu!

Hapa kwetu ongeza nyoka. Shimo unalichokoa kwa kijiti kwanza, mkono baadaye. Usizungukezunguke na simu karibu na kambi ya jeshi, benki au ukuta wa nyumba ya mtu, maana mlinzi hajui habari za latitudo. Anachoona yeye ni mwizi. Kama unaficha, omba ruhusa kwa mwenye eneo. Nenda na mwenzako, na nyumbani waambie mnaelekea wapi na mtarudi saa ngapi. Dada zangu, hilo la mwenzako msilifanyie mzaha.

Na kama huna simu ya namna hiyo, au karibu nawe hakuna kasha hata moja? Tengeneza la kwako. Kopo lenye mfuniko, kidaftari, kalamu ya risasi (ya wino hugoma ikilowa), na maelezo kwenye karatasi: anzia kisimani, hatua 200 kuelekea mnazi uliopinda, geukia jua linakotoka, hatua 60. Wape wenzako, na kesho wafiche wao.

Sisi tulijaribu Jumapili. Nilificha kopo la blubendi kule juu ya kilima nyuma ya kanisa, nikampa kaka karatasi. Alisema ataliona kwa dakika tano. Baada ya dakika 50 alirudi shati limelowa jasho mgongo mzima, kopo mkononi, kanyooka kwenye mtungi wa maji. Tulipomkumbusha kwamba kopo hurudishwa lilipokutwa, alinuna kidogo, halafu akapanda tena. Bado anasema bila refa si spoti. Jumapili hii ni zamu yake kuficha, na jana nimemwona akipima hatua kuelekea mtoni.