Kwela: Jimbo Moja, Juu na Chini ya Lyamba lya Mfipa

Toka Sumbawanga mjini uelekee Ntendo. Maduka yanakwisha, mahindi na alizeti vinashika kando zote mbili za barabara, na bado hujatoka jimbo la Sumbawanga Mjini. Mkulima wa Ntendo anapanga foleni ya kura ya mbunge yule yule anayechaguliwa na mfanyabiashara wa Katandala. Mbele kidogo barabara inaanza kuteremka ukuta wa Lyamba lya Mfipa, kona juu ya kona, kutoka mwinuko wa takriban mita 1,800 hadi bonde la Ziwa Rukwa, takriban mita 800. Ukifika Muze, kwenye joto, mpunga na samaki, umeshaingia jimbo la Kwela.

Ajabu ni kwamba Laela nayo ni Kwela. Laela iko juu, kwenye baridi, kando ya barabara kuu ya Tunduma, na ndiko yaliko makao makuu ya Halmashauri ya Wilaya ya Sumbawanga. Mtu wa Muze anayefuata huduma huko kwa barabara hii hupanda mlima, akapita katikati ya jimbo la wenzake wa mjini, ndipo aingie tena jimboni kwake.

Mipaka ya namna hii si mipya: Ufipa, eneo lenye majimbo haya, umegawanywa mara nyingi. Kabla ya ukoloni zilikuwepo tawala mbili, Nkansi na Lyangalile. Wajerumani wakajenga boma Bismarckburg, Kasanga ya leo. Waingereza wakatawala kwa wilaya moja ya Ufipa. Mkoa wa Rukwa ulizaliwa 1974, na 2012 upande wa Mpanda ukamegwa kuwa Katavi. Rukwa ikabaki na majimbo matano: Sumbawanga Mjini, Kwela, Kalambo, Nkasi Kaskazini na Nkasi Kusini. Kalambo ilikuwa na mbunge wake hata kabla ya kuwa wilaya 2012, kwa hiyo si kweli kwamba jimbo lazima lisubiri mipaka ya utawala.

Mei 2025 Tume Huru ya Taifa ya Uchaguzi ilitangaza majimbo mapya manane, jumla yakawa 272. Mbeya Mjini ikazaa Uyole, na pembezoni mwa Dar es Salaam yakapatikana Kivule na Chamazi. Rukwa haikupata hata moja. Kigezo kilichotajwa sana kilikuwa idadi ya watu: wastani wa 600,000 mijini na 400,000 vijijini. Kwa sensa ya 2022, Manispaa ya Sumbawanga ina watu wapatao 304,000. Mjini hakuna hoja ya kugawa.

Hoja iko Kwela. Ibara ya 75 ya Katiba inaitaka Tume izingatie pia njia za mawasiliano na hali ya kijiografia. Ukuta wa karibu mita 1,000 ni jiografia isiyohitaji mtaalamu kuieleza. Masika, utelezi ukishika kwenye kona zile, mbunge aliye Laela na mpiga kura aliye Muze wanakuwa kama watu wa mikoa miwili, na mbunge hata awe hodari vipi, hilo hawezi kulimaliza kwa bidii tu.

Katiba inataka mipaka ipitiwe angalau kila baada ya miaka kumi. Maombi huanzia baraza la madiwani, yakapita kamati za ushauri za wilaya na mkoa, kisha Tume. Madiwani wa bondeni na wa juu, kaeni pamoja mliandike ombi la kugawa Kwela mapema, na Lyamba lya Mfipa iwe hoja ya kwanza.